Kibaba Kisichojaa

Tamaa ya kupata mali pasipo jasho ni ya kale kuliko fedha yenyewe. Haikuzaliwa na kompyuta, wala haitazikwa pamoja nayo. Jambo jipya katika zama zetu ni kwamba tamaa hiyo imevikwa joho la elimu. Zamani mtu aliyetaka kumvuta mwenziwe katika hasara alimtajia mizimu. Leo humtajia hesabu. Na kwa kuwa watu wengi huiheshimu hesabu pasipo kuichungulia, mwito wa leo hupita milango ambayo mwito wa zamani haukuweza kuipita. Huingia katika nyumba za watu waliosoma, na hata katika mabweni ya shule.

Miongoni mwa miito hiyo, mmoja huwapendeza vijana kuliko yote. Husema hivi: sarafu mpya ya kidijitali imezinduliwa, washa kompyuta yako ya nyumbani, weka programu, kisha ulale, kompyuta itachimba usiku kucha, na asubuhi utaamka mwenye sarafu. Kwa kuwa sarafu ni changa na wachimbaji ni wachache, atakayewahi atapata nyingi; na ikipanda bei kama ilivyopanda Bitcoin, aliyelala maskini ataamka tajiri. Tena husema kwamba hii ndiyo fedha ya usawa, kwa kuwa mtoto wa fukara mwenye kompyuta moja husimama mstari mmoja na mwenye kiwanda.

Insha hii yaupinga mwito huo. Haiipingi kompyuta, wala hesabu, wala fedha isiyoshikika mkononi. Haidai kwamba kila aanzishaye sarafu ni mwizi. Wako waanzilishi waaminifu kama wako mabaniani waaminifu na waalimu waaminifu. Yapinga ahadi yenyewe, kwa sababu ahadi hiyo haiwezi kutimizwa hata na mtu mwaminifu. Ni ahadi ambayo ikianza kutimia, hapo hapo huanza kuvunjika.

Haifai kukipinga kitu kabla ya kukifahamu; basi na tukifahamu kwanza. Sarafu ya kidijitali ya namna hii haina karatasi wala shaba. Ni maandishi katika daftari: fulani alikuwa na kiasi hiki, akampa fulani kiasi hiki. Daftari hilo halikai katika benki moja. Nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi duniani, na kurasa zake, ziitwazo bloku, hufungwa moja baada ya nyingine kama pete za mnyororo. Ikiwa hapana karani wala meneja, nani apewe haki ya kuandika ukurasa ufuatao? Jawabu lilitolewa mwaka 2008 na mtu asiyejulikana, aliyejificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto, alipoieleza Bitcoin kwa mara ya kwanza. Jawabu lake lilikuwa mashindano. Kila kompyuta ishindanayo huuchukua ukurasa, huutia namba ya kubahatisha, huusaga kwa kanuni ya hesabu, kisha hutazama tarakimu zitokazo. Zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, kompyuta hiyo imeshinda. Zikiwa juu, hubadili namba na kusaga tena. Hapana werevu katika kazi hii, wala njia ya mkato. Ni sawa na kutupa dadu mara nyingi mno kwa sekunde moja, pasipo kuchoka. Mshindi huandika ukurasa, na ujira wake ni sarafu mpya ambazo hazikuwako kabla. Kushindana huko ndiko kuitwako uchimbaji.

Sasa na tulipime neno lenyewe, maana neno likikopwa mahali pengine huja na vumbi la huko lilikotoka. Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walimiminika kutoka kila upande. Walikuwako waliopata na waliokosa. Walakini dhahabu ya ardhini haikuwa na habari na hesabu ya watu. Mikono ilipozidi, mchanga uliooshwa ulizidi, na dhahabu iliyotoka ilizidi. Mgodi wa sarafu ya kidijitali hauko hivyo. Katika Bitcoin, kanuni yataka ukurasa mmoja uandikwe kila dakika 10 au karibu yake. Wachimbaji wakiwa 10, ujira wa ukurasa ni ule ule. Wakiwa milioni 10, ni ule ule. Baada ya kila kurasa 2,016, yaani majuma mawili hivi, kanuni hutazama nyuma. Ikiona kwamba kurasa zimekuja upesi kuliko ipasavyo, hupandisha ugumu wa mashindano mpaka mwendo urudi pale pale. Sarafu nyingine zina vipimo vyao vya muda na vya ugumu, lakini desturi ni moja. Wachimbaji wakiongezeka, mali haiongezeki. Linaloongezeka ni jasho la kuigombania.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wapigao debe la sarafu mpya hulipenda sana neno hili. Humwambia kijana: kompyuta yako ni ndogo, hiyo ni kweli, lakini iache ifanye kazi, haba na haba hujaza kibaba. Wamelitumia neno la hekima mahali lisipofaa. Wahenga walikuwa na kibaba kisichobadilika. Aliyetia punje leo na kesho aliona kibaba kikijaa, kwa kuwa kibaba cha kesho kilikuwa sawa na cha leo. Katika uchimbaji huu, kila mchimbaji mpya ajapo, kibaba huvutwa kikawa kipana zaidi. Tuseme kompyuta 100 zilizo sawa zachimba sarafu changa. Kila moja hutazamia kupata fungu moja katika 100. Kisha aje mfanyabiashara mmoja mwenye mitambo yenye nguvu za kompyuta 9,900. Kompyuta yako haikupunguza kazi hata kidogo. Yazunguka kama jana, yala umeme kama jana, feni yake yavuma kama jana. Lakini fungu lako limekuwa moja katika 10,000. Punje zako ni zile zile. Kibaba kimekuwa pipa.

Na mfanyabiashara huyo atakuja lini? Hapa ndipo ahadi inapojivunja yenyewe. Atakuja siku ile ile sarafu itakapoanza kuwa na thamani. Maadamu haina thamani, mwenye kompyuta ya nyumbani huachwa peke yake kama mtu apepetaye makapi, maana hapana mwenye kuyagombania makapi. Sarafu ikipata bei, wenye mitambo huhesabu: umeme ni kiasi gani, mapato ni kiasi gani, wakiona faida, huja na maghala. Basi mchimbaji wa nyumbani amewekwa baina ya mambo mawili. Ama achimba kwa wingi kitu kisicho na thamani, au achimba kwa uhaba kitu chenye thamani. Kuchimba kwa wingi kitu chenye thamani, hilo ndilo aliloahidiwa, na hilo hudumu kitambo kidogo mno kati ya saa ya kwanza na saa ya pili.

Nani asemaye kwamba huku ni kubuni? Tarihi ya Bitcoin iko wazi. Ukurasa wake wa kwanza uliandikwa tarehe 3 Januari 2009, na ujira wa kila ukurasa ulikuwa sarafu 50. Mwaka ule kompyuta ya kawaida ilitosha. Lakini mwaka 2010 watu walitambua kwamba kadi za picha, zile zitiwazo katika kompyuta kwa ajili ya michezo ya video, husaga hesabu hizi kwa kasi iliyoipita mbali kompyuta tupu. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimeingia sokoni mashine zilizoundwa kwa kazi hii moja tu, zisizoweza hata kuandika barua. Kompyuta ya nyumbani ikawa kama mtumbwi katika mashindano ya meli. Na wakati huo huo ujira nao ulikuwa ukipungua kwa kanuni, ukikatwa nusu kila kurasa 210,000: sarafu 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na 3.125 tangu Aprili 2024. Leo hapana mtu mwenye akili timamu achimbaye Bitcoin kwa kompyuta ya mezani akitarajia faida.

Wako watakaojibu: naam, na kwa sababu hiyo zimebuniwa sarafu mpya, zenye kanuni ziwapendeleazo watu wa nyumbani. Jibu hilo lina miaka mingi, na lina makaburi mengi. Oktoba 2011 mhandisi aitwaye Charlie Lee alizindua Litecoin. Kanuni yake ya kusaga ilichaguliwa kwa sababu ilidai kumbukumbu nyingi ya kompyuta, nayo ilitazamiwa kuwa kizuizi kwa mitambo mikubwa. Kizuizi kilisimama muda mfupi. Kadi za picha ziliingia, na mwaka 2014 zikafuata mashine zilizoundwa kwa Litecoin yenyewe. Mwaka 2015 ilizinduliwa Ethereum, nayo ikachimbwa kwa kadi za picha miaka saba. Watu wengi walikopa na kununua kadi hizo kwa bei ya juu. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao huo ukaacha uchimbaji kabisa na kushika njia nyingine ya kuchagua waandishi wa kurasa. Mgodi ulifungwa kwa siku moja, na wenye sururu wakabaki na sururu zao.

Kisa cha Bitcoin Gold chafundisha zaidi. Sarafu hii ilitengwa na Bitcoin Oktoba 2017, na azma yake ilitangazwa waziwazi: kuurudisha uchimbaji mikononi mwa watu wa kawaida wenye kadi za picha. Pamoja na mahubiri hayo ya usawa, waanzilishi walijitengea sarafu 100,000 kabla ya mlango kufunguliwa. Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Uchimbaji, kama tulivyoona, ni ulinzi wa daftari. Atakaye kuandika uongo sharti awe na nguvu kuwashinda wengine wote kwa pamoja. Katika mtandao mdogo, wenye wachimbaji wachache wa nyumbani, nguvu hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Mei 2018 wavamizi walipata nguvu iliyozidi nusu ya mtandao wa Bitcoin Gold. Wakazitumia sarafu zao katika masoko ya kubadilishia, wakapokea malipo, kisha wakazifuta kurasa zilizoshuhudia jambo hilo na kuandika nyingine. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 18 za Marekani. Basi ule udogo uliosifiwa kuwa usawa, ndio uliokuwa mlango wa mwizi. Penye wachimbaji wengi mdogo hapati kitu. Penye wachimbaji wachache alichopata hakina salama.

Sasa na tuutazame ule usawa wa mwanzo, maana ndio pambo kubwa la mwito huu. Husemwa kwamba siku ya uzinduzi wote huanza sawa. La hasha. Katika mbio yo yote, ajuaye saa ya filimbi humtangulia asiyejua, na mpiga filimbi huijua kuliko wote. Januari 2014 ilizinduliwa sarafu ambayo leo huitwa Dash. Katika siku mbili za kwanza zilichimbwa sarafu karibu milioni 2, na jumla yake yote haitazidi milioni 19. Maana yake ni kwamba fungu moja katika kumi hivi la mali yote lilitwaliwa kabla habari haijatulia masikioni mwa watu. Mwanzilishi alisema lilikuwa kosa la programu. Na iwe hivyo; kosa lililokuwako halikuwatajirisha waliokuwa wamelala. Mwaka huo huo ilijulikana habari ya sarafu iitwayo Bytecoin: ilipofika mbele ya umma, zaidi ya asilimia 80 ya sarafu zake zilikwisha chimbwa. Wageni walikaribishwa karamuni kuja kulamba sufuria.

Mtetezi aliye hodari hataishia hapo. Atasema: umetaja walioshindwa, mbona hukuitaja Monero? Ni swali la haki, nalo lastahili jawabu la haki. Monero ilianza Aprili 2014, na waendeshaji wake wamepigana kwa bidii kuilinda kompyuta ya kawaida. Novemba 2019 waliweka kanuni mpya ya kusaga, iliyotungwa ili kazi iufae ubongo wa kompyuta ya kila siku kuliko mtambo wa pekee. Katika jambo hilo wamefaulu kuliko wengine, na mtu asiye na chuki hana budi kuwasifu. Lakini tazama matokeo. Kazi iwezayo kufanywa na kila kompyuta, yaweza pia kufanywa na kompyuta zilizoibwa. Januari 2018 ilifichuliwa kwamba kundi moja la wahalifu lilikuwa limeziambukiza kompyuta zaidi ya nusu milioni na kuzichimbisha Monero, pasipo wenyewe kujua. Mwezi uliofuata, maelfu ya tovuti, zikiwamo za serikali ya Uingereza, zilikutwa zikizitumikisha kompyuta za wageni wake kwa kazi hiyo hiyo. Mwizi halipi umeme. Kwake kila punje ni faida. Basi wewe ulipaye umeme washindana na nani? Washindana na mtu ambaye gharama yake ni sifuri, na katika biashara yo yote hapana ushindani mgumu kuliko huo. Kizuizi kilichowafungia matajiri kiliwafungulia wezi.

Na umeme huo na uhesabiwe, kwa maana ndio gharama isiyotajwa katika miito. Watu husema, kompyuta ipo tu, haina kazi usiku, yafaa itumike. Husahau kwamba kompyuta iliyolala na kompyuta ichimbayo si kitu kimoja. Tuchukue mfano. Kompyuta ya mezani inywayo wati 150 ikichimba mchana na usiku, hutumia yuniti 3.6 kwa siku, yaani yuniti 108 kwa siku 30. Tuseme yuniti moja ni shilingi 25. Hiyo ni shilingi 2,700 kwa mwezi, kwa kompyuta moja. Usihesabu kadi kubwa ya picha, maana hiyo peke yake yaweza kunywa zaidi. Usihesabu vumbi na joto vilavyo mashine, wala feni itakayokufa kabla ya wakati wake. Katika nyumba nyingi za Kenya, shilingi 2,700 zaweza kununua unga, mafuta na sukari vya siku kadha wa kadha. Mita ya stima haikopeshi matumaini. Tokeni zikiisha, taa huzimika. Na hapana duka la mtaani litakalopokea sarafu iliyozaliwa juma lililopita ili kuiwasha tena. Matumizi ni ya leo, na ni ya shilingi. Mapato ni ya kesho, na ni ya ndoto.

Hapa watetezi hutoa hoja wanayoiona kuwa ndiyo ngao yao. Husema: hata Bitcoin ilidharauliwa hivyo. Na kweli, tarehe 22 Mei 2010 mtu mmoja huko Florida, Marekani, alinunua piza mbili kwa Bitcoin 10,000. Leo kiasi hicho ni utajiri wa kutisha. Je, aliyechimba wakati ule na kuhifadhi hakufanikiwa? Alifanikiwa. Lakini chunguzeni mambo mawili. La kwanza, waliochimba Bitcoin mwaka 2009 hawakuitwa kwa ahadi ya utajiri. Sarafu haikuwa na bei, na wengi wao walivutwa na udadisi wa fumbo lenyewe. Aitwaye leo huitwa kwa bei ya Bitcoin, si kwa fumbo. Ameuziwa mwisho wa hadithi ya mwingine kana kwamba ni mwanzo wa hadithi yake. La pili, baada ya Bitcoin zimezaliwa sarafu maelfu kwa maelfu, na nyingi zimekufa pasipo kilio. Mshindi mmoja hutajwa kila siku. Walioshindwa hawana wa kuwataja. Mtu akihesabu washindi tu, hata bahati nasibu huonekana kuwa ni kilimo.

Tena haifai kudhani kwamba aupingaye uchimbaji huu auogopa ulimwengu mpya. Kenya haikuwa nyuma katika fedha isiyoshikika. M-Pesa ilizinduliwa hapa Machi 2007, kabla ya Bitcoin kuandika ukurasa wake wa kwanza, nayo ikaenea mjini na mashambani. Ilienea kwa nini? Ilienea kwa sababu kijana aliyefanya kazi Nairobi alitaka kumpelekea mama yake fedha Bungoma, na njia nyingine zilikuwa ndefu au za hatari. Haja ilitangulia, chombo kikafuata. Sarafu mpya ichimbwayo nyumbani hugeuza utaratibu huu kichwa chini miguu juu. Kwanza watu huitwa kuichimba, kisha huambiwa kuihifadhi, kisha huambiwa kuwaita wengine. Na swali la kununulia nini huachwa mpaka siku isiyojulikana. Daftari latunzwa kwa gharama kubwa, na ndani yake hamna biashara ya mtu. Ni kumwajiri mlinzi alinde ghala tupu, na kumlipa kwa ahadi kwamba huenda siku moja ghala litajaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hapana kitu kijitembezacho kwa kelele kuliko sarafu isiyo na kazi.

Huenda msomaji akasema kwamba serikali italinda watu wake. Ni kweli kwamba mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya kuwasimamia watoao huduma za mali za kidijitali, na hilo ni jambo jema. Lakini sheria humsimamia mwenye duka. Haimrudishii mtu umeme aliouchoma kwa hiari yake sebuleni. Dhidi ya tamaa yako mwenyewe huna askari ila akili yako.

Imebaki hoja moja ambayo siipingi. Husemwa kwamba kuchimba hufundisha. Ni kweli. Mwanafunzi aiwekaye programu, akaona jinsi ukurasa unavyosagwa, jinsi herufi moja ikibadilika tarakimu zote hubadilika, na jinsi watu wasiojuana wawezavyo kukubaliana juu ya daftari moja, amejifunza hesabu na elimu ya kompyuta kwa pamoja. Kufundisha huko kwahitaji jioni moja au mbili, mbele ya macho yaliyo wazi. Uchimbaji ufanywao mwanafunzi akiwa amelala humfundisha nini? Kompyuta ikeshayo miezi sita ikitupa dadu haimwongezei mwenyewe maarifa hata chembe. Ajifunzaye huzima mashine akisha fahamu. Atamaniye huiacha ikivuma. Kwa alama hiyo utawatambua.

Kisha liko jambo la uaminifu, nalo ni zito kuliko la faida. Kijana achimbaye nyumbani, aghalabu umeme si wake. Ni wa baba au mama, nao hawakuulizwa. Achimbaye katika chumba cha kompyuta cha shule achimba kwa fedha za wazazi wote, akichakaza mashine ambazo wenzake huzingojea kwa zamu. Tofauti kati yake na wale waliozishika kompyuta nusu milioni ni ya idadi, si ya tabia. Wao walitumia mali ya watu pasipo idhini, naye hali kadhalika. Asijifariji kwamba alichochukua ni kidogo. Aliyezoea kuona umeme wa shule ni mali isiyo na mwenyewe, siku atakapokabidhiwa ofisi ya umma ataona hazina nayo haina mwenyewe.

Basi, msomaji, ukiitwa katika mgodi wa namna hii, usikatae kwa woga wala usikubali kwa pupa. Uliza maswali manne. Kabla mlango haujafunguliwa, nani alikwisha kuwa na sarafu, na ngapi? Nani aitumia leo, na hununua nini kwayo? Nguvu zote za mtandao ni kiasi gani, na fungu langu ni moja katika ngapi? Na umeme huu ni wa nani? Maswali haya hayahitaji cheti cha chuo kikuu. Yahitaji kalamu, karatasi na moyo usiojidanganya. Akuitaye akishindwa kuyajibu, mwache. Akiyajibu, piga hesabu mwenyewe, nawe utaona jinsi jibu linavyokuwa dogo.

Nchi yetu haina uhaba wa kazi zingojeazo vichwa vyenye kufahamu hesabu. Hapana aibu katika kuanza kidogo, wala katika kuweka akiba kidogo kidogo. Wahenga walisema kweli. Lakini walisema kweli juu ya kibaba ambacho mwenyewe amekishika mkononi na kukijua kina chake. Mwenye kutia punje zake katika kibaba cha mwingine, ambacho hupanuka kila atiapo, haweki akiba. Azima mashine, alipie taa za nyumbani, ashike kitabu.